Majani Hayaanguki Mapinga

Najim hakuamkia. Hilo ndilo lililomshtua Jyotsna kabla hajaambiwa lolote. Kwa miaka yote aliyomjua mtoto huyu wa jirani yake Bi Ummy, tangu alipokuwa na kaptura ya shule mpaka amekuwa baba wa watoto watatu mwenye duka la vipuri Dar es Salaam, hakuwahi kufika mlangoni kwake bila kusema, "Shikamoo Mama Dhara." Asubuhi ile ya Jumatano alisimama kwenye mlango wa ua akiwa na viatu miguuni na funguo za gari mkononi, akamtazama tu.

"Mama amelazwa," alisema. "Ametundikiwa dripu tangu jana mchana."

"Ummy? Amepatwa na nini?"

"Unaniuliza mimi? Wewe ndiye uliyemchemsha kama kuku."

Jyotsna alikuwa anaosha choroko. Aliweka sufuria chini, akajifuta mikono kwenye sari yake ya kazi. Jana ilikuwa Jumanne, siku yake ya kufunga, na alishinda nyumbani. "Najim, mwanangu, mimi jana sikutoka nje ya ua huu."

"Uso wako ulikuwepo." Akamnyooshea simu. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo la nyumba ya mapumziko iliyoko ufukweni, upande wa Mapinga, inayoitwa Utulivu. Picha ya Jyotsna ilikuwa imejaa nusu ya tangazo: amekaa, amefumba macho, mikono imeunganishwa kifuani. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa kwamba tiba za wiki hii zote zimepangwa naye. "Nilimlipia mama kwa sababu ya picha hii. Nilijua anakwenda mikononi mwako. Wamemfungia kwenye chumba cha mvuke, mtu ana presha, miaka sitini na minane. Ameanguka, kichwa kimepiga sakafu. Halafu wananiambia hayo ndiyo maelekezo ya Mama Dhara."

Hakungoja jibu. Gari liliwashwa, likaondoka.

Jyotsna ana umri wa miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Pangani kwenye familia ya wauza nguo, akaolewa Bagamoyo na Darshan, muuza mabati na misumari, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Ujuzi wake hakuupata kwenye chuo chochote. Aliupata kwa mama mkwe wake, mwanamke mwembamba mwenye maneno machache, ambaye kila asubuhi alijipaka mafuta mwili mzima kabla ya kuoga, kisha akajinyoosha kwenye mkeka huku akihesabu pumzi. Mkwe yule aliwakanda wanawake wa mtaa, Wahindi kwa Waswahili, na hakumwita yeyote mgonjwa. Alisema anawatunza wasije wakawa wagonjwa. Alipokufa, wanawake walewale waliendelea kuja uani, na Jyotsna akaendeleza kazi.

Bi Ummy alikuwa wa kwanza. Alikuja baada ya uzazi wake wa tano, mgongo umekakamaa, hawezi kuinama kumwosha mtoto. Tangu hapo imepita miaka thelathini. Kila Jumatatu na Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, yeye na wenzake watano au sita hutandika mikeka kwenye ua wa Jyotsna, wamejifunga kanga zao, wakajinyoosha taratibu huku wakisengenya. Daktari alipomwambia Ummy kuwa ana presha, ni Jyotsna aliyemkazania juu ya dawa.

"Mafuta hayashushi presha," alimwambia. "Meza vidonge kwanza, kisha njoo nikukande."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau sikukandi. Utabaki na mgongo wako kama mlango wa msikiti, haufunguki mpaka usukumwe."

Ni lazima nieleze jambo moja, maana bila hilo hasira ya Jyotsna haieleweki. Katika Ayurveda, tiba ya asili ya Kihindi, kama alivyofundishwa, mwili hautunzwi kwa namna moja mwaka mzima. Unatunzwa kufuatana na hali ya hewa iliyopo juu ya kichwa cha mtu. Mwezi wa Juni na Julai, kusi linapovuma na ngozi inapauka, mkwewe alitumia mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, chai ya tangawizi na supu. Oktoba ni kitu kingine kabisa. Kusi limeshalegea, kaskazi haijaanza, mvua za vuli bado, na jua linapiga mabati tangu saa mbili asubuhi. Huo ni mwezi wa kuupoza mwili. Mafuta ni ya nazi, hayapashwi. Chakula ni choroko, mung'unye na tango; pilipili na achari vinawekwa kando. Mbegu za giligilani zinalowekwa usiku, maji yake yananywewa asubuhi. Mazoezi ni ya kuinama mbele na kukaa kimya, na kuna namna ya kuvuta pumzi kwa kuukunja ulimi kama mrija, hewa ikapita ikiwa baridi. Mwezi ukiwa mpevu, Jyotsna huloweka pepeta, mchele uliobondwa, kwenye maziwa baridi yenye hiliki na kuwagawia majirani, kama wanavyofanya Wagujarati kila mahali katika majira hayo, ili kuutoa mwili joto lililolundikana.

Mambo haya kila mwanamke wa ua ule anayajua kwa moyo.

Meneja wa Utulivu, kijana wa miaka thelathini na minne aitwaye Twalha, alikuja kumwona mwezi wa Julai. Alivua viatu mlangoni, akaamkia vizuri, akanywa chai vikombe viwili. Alisema mwenye nyumba yuko Ulaya na anataka ujuzi wa kweli, siyo wa kwenye mitandao. Siku mbili tu kwa wiki, Jumatatu mchana na Alhamisi. Gari litamfuata.

"Tutakuandika Mwalimu Jyotsna," alisema.

Katika maisha yake yote watu walimwita Mama Dhara, mke wa Darshan, au yule Mhindi anayekanda. Hakuna aliyewahi kumwita mwalimu, wala kuliandika hilo mahali. Karatasi alizoletewa zilikuwa kurasa kumi na mbili za Kiingereza. Yeye husoma Kigujarati na Kiswahili, Kiingereza anakiokoteza. Dhara, binti yake anayefundisha sekondari Arusha, angeweza kumsomea kwa simu jioni moja.

"Ni yale yale yako, mama," Twalha alisema. "Tumeyapanga tu."

Akatia sahihi. Wiki iliyofuata wakaja kumpiga picha.

Alipofika kazini siku moja mwanzoni mwa Oktoba, alikuta jiko dogo limewashwa chini ya banda la makuti na juu yake sufuria la mafuta ya ufuta linatoa mvuke. Wageni walikuwa wanapewa supu nzito ya mdalasini na tangawizi saa sita mchana. Ratiba ya tiba iliyobandikwa kwenye nguzo ilimpangia kila mmoja dakika ishirini kwenye chumba cha mvuke. Jasho lilikuwa linawatiririka hata kabla hawajaingia.

"Twalha, tiba hii ni ya wapi?"

"Ya msimu, mama. Msimu wa majani kuanguka. Kitabu alichotuma mwenye nyumba kinasema mwili unakuwa mkavu, upepo unazidi, unahitaji kupashwa joto."

"Majani gani yameanguka hapa?"

Twalha akacheka. "Mama naye! Kwao ndiyo majira hayo sasa. Wanakuja na tiketi za majira hayo."

"Wamekuja na tiketi, hawakuja na hewa ya kwao. Mtu akishashuka hapa, mwili wake uko Mapinga. Jua la hapa halimuulizi alikotoka."

"Nitamwandikia mwenye nyumba," alisema Twalha.

Kwa siku zake, Jyotsna alilizima jiko na kutumia mafuta ya nazi. Siku nyingine tano ratiba ile iliendelea kufuatwa. Alilijua hilo. Aliwaona wageni wanarudi kwake Alhamisi na harara shingoni na mgongoni, akawapaka, akawaambia waoge maji baridi, akanyamaza. Majuma mawili yalipita hivyo.

Sasa, Jumatano ile baada ya Najim kuondoka, alimpigia simu Zaina. Zaina ni msichana wa Singida aliyeajiriwa Utulivu kuhudumia wageni. Alifundishwa kazi kwa siku kumi. Alifika nyumbani kwa Jyotsna mchana, macho yamevimba, akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa.

"Mama, mimi nilimuuliza. Wallahi nilimuuliza mara tatu."

"Ulimuulizaje?"

"Nilifungua kidirisha, nikasema, bibi, unajisikiaje? Akasema, salama, alhamdulillah. Baada ya dakika tano nikarudi. Bibi, hali? Akasema, nzuri, alhamdulillah. Mara ya tatu akasema, salama mwanangu, ahsante. Nikaenda kumtazama mgeni mwingine. Nikasikia kishindo."

Jyotsna alifumba macho. Aliijua sauti ile ya Ummy kama anavyoijua sauti yake mwenyewe. Mwanamke wa mji huu hata nyumba ikiwa inaungua atajibu salama kwanza. Hiyo ni adabu tu, mlango wa mazungumzo. Anayeuliza anatakiwa aendelee: na mwili je? Na usingizi? Na kile kichwa kimepoa? Habari yenyewe hutoka kwenye swali la tatu au la nne, kwa sauti ya chini, huku msemaji akitazama pembeni. Najim analijua hilo, Darshan muuza misumari analijua. Zaina alitoka Singida miezi minne iliyopita, akafundishwa kwa Kiingereza kuuliza swali moja na kuandika jibu kwenye fomu.

"Fomu umeandika nini?"

"Anajisikia vizuri. Mara tatu."

"Alikwambia kwamba ana presha?"

"Fomu haina sehemu ya presha, mama. Ina sehemu ya... mwili ni wa upepo, wa moto au wa udongo."

Jyotsna alisimama, akaenda hadi mwisho wa ua, akarudi. Zaina alidhani atapigwa. "Kunywa maji," Jyotsna alimwambia kwa ukali. "Si kosa lako. Kunywa maji, acha kulia, unanitia hasira zaidi."

Simu ya Twalha ililia saa kumi jioni. Sauti yake ilikuwa laini kama siku ya chai vikombe viwili.

"Mama, pole na taarifa. Usiwe na wasiwasi, bibi anaendelea vizuri. Tumezungumza na mwenye nyumba. Kuna watu wameanza kuandika maneno mtandaoni, kwa hiyo tunaomba kesho ukija tukurekodi kidogo. Dakika moja tu."

"Niseme nini?"

"Ueleze tu kwamba mwili unaposafishwa, sumu zikitoka, wengine hupata upele, wengine hupata kizunguzungu. Kwamba katika Ayurveda hiyo ni dalili nzuri."

"Dalili nzuri."

"Ndiyo, mama. Ukisema wewe watu wataelewa."

"Twalha, mama yako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillah."

"Basi kesho mlete. Mwingize kwenye mvuke mpaka aanguke. Akianguka nirekodi, niseme ni dalili nzuri." Akakata simu. Akaitupa mezani, akaenda kuinjika choroko.

Alhamisi gari la Utulivu lilikuja kumchukua. Dereva alipiga honi mara nne. Hakutoka.

Bi Ummy aliruhusiwa kutoka hospitali siku hiyohiyo. Ijumaa baada ya sala ya adhuhuri Jyotsna alikwenda nyumbani kwake, nyumba ya tatu kutoka kwake, njia anayoipita kila siku. Najim alifungua, akasogea pembeni. Ummy alikuwa amelala kitandani, bandeji kwenye paji la uso, harara nyekundu imemjaa kuanzia kidevuni hadi kifuani. Feni ilikuwa inazunguka. Alikuwa amevaa dira jepesi na hakujifunika ushungi, maana hakumwona Jyotsna kuwa mgeni. Lakini uso aliugeuzia ukutani.

"Karibu."

"Ahsante. Ummy, ile ratiba ya tiba si yangu."

"Uso wa nani ule?"

"Wangu."

"Na jina?"

"Langu."

"Basi umekuja kuniambia nini?"

Jyotsna alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimekuja kukwambia kwamba mimi nisingekuweka mle ndani hata dakika mbili. Unanijua. Miaka thelathini nakupaka nazi mwezi huu."

Hapo Ummy aligeuka. Aliposema, sauti yake haikuwa ya mgonjwa. "Najua! Ndiyo maana nilikaa! Nilikaa mle nikajisemea, Mama Dhara amesoma kitu kipya. Moyo unanipiga mpaka masikioni, najisemea, Mama Dhara anajua anachofanya. Macho yanaingia giza, najisemea Mama Dhara anajua. Na unajua kwa nini sikugonga mlango? Kulikuwa na Wazungu nje wanangoja zamu. Sikutaka nikuaibishe mbele ya wageni wako. Nilitaka waseme, wagonjwa wa yule mama ni watu wenye subira. Nimekaribia kufa kwa kukusitiri wewe!"

Najim, aliyekuwa mlangoni, alisema, "Mama, taratibu."

"Nyamaza wewe, ndiye uliyenilipia." Ummy alivuta pumzi, akamkazia macho Jyotsna. "Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Hakuna mtu pale ambaye angemkamata. "Tangu mwanzo wa mwezi," alisema. "Wiki mbili. Nilimwambia Twalha mara moja, nikanyamaza."

"Wiki mbili! Jumatatu uko na mimi uani, Jumamosi uko na mimi uani, tunacheka, husemi?"

"Sikujua kama utakwenda."

"Mimi hukujua kama nitakwenda. Na wengine je? Hao wageni hawana mama zao?"

"Nisamehe, Ummy."

"Sikusamehe hapa." Ummy alinyoosha kidole dirishani, upande iliko barabara ya Dar es Salaam. "Uso wako wameuweka pale Zinga kwenye ubao mkubwa, kila anayepita anauona. Samahani yako unaniletea chumbani, mimi na wewe na feni. Kama ungetukanwa sokoni, nikaja kukusafisha jikoni kwako, ungeridhika? Nenda ukaseme kulekule, mbele ya watu, kwamba si kweli. Mpaka hapo mikono yako siitaki mwilini mwangu."

Jyotsna aliondoka bila kuaga. Usiku ule Darshan alimkuta sebuleni amezitandaza zile kurasa kumi na mbili, Dhara yuko kwenye simu kutoka Arusha anamsomea mstari kwa mstari. Ukurasa wa tisa ulisema kwamba picha na jina la mwalimu vitatumiwa na Utulivu kwa miaka mitano. Ukurasa wa kumi ulisema kwamba mpango wote wa tiba umeandaliwa na mwalimu mwenyewe.

"Mama, kwa nini hukunipigia kabla?" Dhara aliuliza.

"Kwa sababu mimi ni mpumbavu. Endelea kusoma."

Jumamosi wanawake wa ua walikuta mlango umefungwa. Jyotsna alikuwa amepanda pikapu ya Darshan, katikati ya harufu ya rangi na misumari, wakielekea Mapinga.

"Utasema nini?" Darshan aliuliza.

"Sijui."

"Ukikasirika huwa unaruka na kuingia Kigujarati. Hawatakuelewa."

"Leo watanielewa hata nikibweka."

"Basi nisimamishe gari mbali kidogo," Darshan alisema, "wakikufukuza nisionekane na mimi ni wako." Hakucheka. Mkewe pia hakucheka, lakini alimgonga begani kwa ngumi.

Walipopita Zinga aliuona ubao. Alikuwa hajawahi kuutazama vizuri, kwa sababu kila alipopita na gari la Utulivu aliona haya kujitazama mbele ya dereva. Picha ilikuwa nzuri. Walikuwa wamemfuta mikunjo yote ya uso.

Wageni kumi na mmoja walikuwa wamekaa duara kwenye mikeka chini ya banda. Ilikuwa siku ya mwisho ya wiki yao na Twalha alikuwa anawaaga kwa Kiingereza. Alipomwona Jyotsna, uso ulimng'aa, akadhani amekuja kurekodiwa. Kisha akamtazama vizuri.

"Mama, karibu sana. Tuzungumze pembeni kidogo."

"Pembeni ndiko tulikoharibia kazi. Nazungumza hapa." Akawageukia wageni. "Zaina! Njoo uwaambie ninayoyasema."

Zaina alikuwa amesimama karibu na jiko, kitambaa mkononi. Alimtazama Twalha. Twalha alitikisa kichwa kumkataza. Zaina akakiweka kitambaa chini, akaja akasimama kando ya Jyotsna.

"Mimi ndiye yule wa kwenye picha," Jyotsna alisema. "Yaliyoandikwa chini ya picha ni uongo. Tiba mliyopewa wiki hii siyo yangu, wala siyo ya mkwe wangu aliyenifundisha. Ni tiba ya nchi yenye baridi. Hapa hakuna baridi. Mafuta ya moto, tangawizi na mvuke juu ya jua hili ni kumchoma mtu kutoka nje na kutoka ndani. Jumanne mama mmoja ameanguka humu. Ni rafiki yangu wa miaka thelathini."

Zaina alitafsiri.

Mwanamke mmoja mrefu, shingo imemwiva kama nyanya, alinyanyua mkono kama mwanafunzi. Alisema waliambiwa vipele ni sumu zinazotoka.

"Sumu gani! Ni harara," Jyotsna alijibu. "Kila mtoto mchanga wa hapa anaipata na kila mama anaijua. Oga maji baridi, vaa pamba nyepesi, kunywa madafu, usiku paka mafuta ya nazi kidogo, usipandishe tena moto mwilini. Ukipata homa nenda hospitali, usije kwangu. Na mtu yeyote mwenye presha, au moyo, au mimba, asikanyage chumba kile. Hata nikiwa mimi nimesimama mlangoni namkaribisha, asikanyage."

"Mama, inatosha," Twalha alisema. Sasa hakuwa na sauti laini. "Una mkataba. Umetia sahihi kwamba mpango huu ni wako. Picha ni ya kwetu."

"Nimetia sahihi. Nilitia bila kusoma, kwa sababu uliniita mwalimu nikavimba kichwa. Na hili pia litafsiri, Zaina. Niliiona ratiba hii wiki mbili zilizopita. Nilijua ni mbaya. Nikanyamaza, maana nilipenda kufuatwa na gari na kuandikwa jina. Wenye harara hapa wanidai mimi pia, wasimdai huyu peke yake."

Hili la mwisho lilimuumiza kulisema. Lilitoka kavu, kama mtu anayetema mfupa. Wageni waliangaliana. Mzee mmoja wa Kizungu, aliyekuwa amekaa miguu imenyooshwa kwa sababu magoti hayakunji, aliinamisha kichwa polepole kukubali.

"Unajua mimi naagizwa tu," Twalha alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, ili wageni wasisikie. "Nilimwandikia. Akasema kitabu ndicho kinachouzwa."

"Na mimi niliagizwa tu. Na Zaina aliagizwa tu. Ummy ameshonwa nyuzi sita na watu watatu walioagizwa." Jyotsna alikwenda kwenye jiko, akafunga gesi, akaushika mshikio wa sufuria kwa upindo wa sari na kuliweka chini. "Picha bakini nayo miaka mitano. Mimi nitabaki na mdomo. Kila mwanamke wa Kaole, Zinga na mjini atakayeniuliza nitamjibu kama nilivyosema hapa."

"Usirudi tena hapa, mama."

"Kwani mimi niliwahi kugonga mlango wenu? Nyinyi ndio mlionifuata."

Zaina hakurudi penye jiko. Alibaki na wageni, wakimuuliza maswali kwa pupa, yeye akijibu na kuhesabu mambo kwenye vidole: maji baridi, madafu, pamba, hospitali. Kama Jumatatu atakuwa bado na kazi, hakuna aliyejua. Alionekana kuwa amesahau kuogopa.

Darshan alikuwa amesimamisha pikapu mbele kabisa ya lango, siyo mbali. Walikuwa wameshapita Zinga simu ilipolia. Ilikuwa namba ya Najim.

"Kuna mtu ameweka video mtandaoni," alisema. "Mgeni mmoja. Imeshafika mpaka huku. Mama ameitazama mara mbili."

"Anasemaje?"

"Anauliza ile sehemu ya wiki mbili. Ulianza kusema mwenyewe, au Twalha alikuwa ameshakutaja kabla?"

"Nilisema mwenyewe. Mbele ya wote."

Kwa mbali alisikia sauti ya Ummy ikiuliza kitu, na Najim akijibu. Kisha akarudi kwenye simu.

"Anasema uje Jumatatu. Usije na mafuta. Anasema ana mambo ya kukwambia bado, hajamaliza."

"Mwambie nitakuja."

Jyotsna aliiweka simu kwenye mapaja. Darshan alingoja mpaka walipoanza kuingia mjini.

"Amekusamehe?"

"Hajasema."

"Na wewe? Umepoa sasa, baada ya kumwaga yote?"

"Nipoe vipi?" Alikuwa anatazama mbele, taya zimekaza. "Kesho wanapokea wageni wengine. Kitabu ni kilekile. Kata kona hapo, nipitishe nyumbani kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nataka aniambie ni ofisi gani inayokagua vyumba vya mvuke."